Carl Linnaeus, Mwana wa Mchungaji Aliyeyapa Maua Majina

Wapenzi ndugu, na ninyi walimu wa shule zetu, wakati wa Jubilii ni wakati wa kuwakumbuka watu. Twawakumbuka waliotutangulia, twahesabu mema yao, na kwa makosa yao twajifunza vilevile. Leo tumeona vema kuwaletea habari za mtu ambaye hakuwa mhubiri, wala hakufika katika nchi zetu, walakini kazi yake imo katika kila shule inayofundisha habari za mimea. Mtu huyo ni Carl Linnaeus wa Uswidi. Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliwafundisha wanadamu njia ya kulijua ua wasilolijua. Sababu ya pili tutaisema mbele, maana ni nzito, nayo yatuhusu sisi wenyewe.

Linnaeus alizaliwa mwezi wa Mei, mwaka 1707, katika kijiji cha Råshult, usharika wa Stenbrohult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa msaidizi wa mchungaji wa usharika ule, na baadaye akawa mchungaji mwenyewe. Mama yake, Christina, alikuwa binti wa mchungaji. Siku zile watu wengi wa mashamba hawakuwa na jina la ukoo. Kila mtu aliitwa kwa jina la baba yake tu. Nils alipoingia chuoni alipaswa kuwa na jina la ukoo, akalitwaa kutoka kwa mti mkubwa uliosimama katika shamba la wazee wake, mti uitwao lind kwa lugha yao. Basi jina la mtoto huyu lilitoka katika mti kabla yeye mwenyewe hajaanza kuipa miti majina.

Nils alipenda sana bustani. Husimuliwa kwamba mtoto alipolia, alipewa ua mkononi naye akanyamaza. Alipokua kidogo akawa akimfuata baba yake bustanini na kumwuliza, Hili ni ua gani? Na lile je? Baba alimjibu, lakini mtoto akasahau, akauliza tena yaleyale. Hata siku moja baba akamkemea, akamwambia kwamba hatamtajia jina jingine iwapo atayasahau aliyokwisha kutajiwa. Tangu siku ile mtoto akajitia bidii kuyashika majina, asije akakosa jambo alilolipenda kuliko yote.

Wazazi wake walitaka awe mchungaji kama baba na babu yake. Wakampeleka shule katika mji wa Växjö. Lakini masomo ya kumwandaa kwa kazi ya kanisa hayakumkaa moyoni. Kila alipopata nafasi alikwenda zake kondeni kutafuta mimea. Karibu na mwaka 1726 baba yake alifika shuleni kuuliza habari za maendeleo yake, naye akaambiwa na walimu kwamba kijana huyu hafai kwa elimu ya juu. Afadhali afundishwe kazi ya mikono, kama ushoni au kushona viatu. Mzee akahuzunika sana, maana alikuwa ametoa fedha kwa miaka mingi, naye hakuwa tajiri. Lakini mwalimu mmoja, jina lake Johan Rothman, aliyekuwa tabibu pia, aliona neno ambalo wenzake hawakuliona. Akamwambia mzee kwamba kijana hafai kwa uchungaji, lakini atafaa sana kwa utabibu. Akajitolea kumkaribisha nyumbani mwake na kumfundisha yeye mwenyewe bila malipo.

Walimu wenzetu, hapa tusimame kidogo. Shule ileile, kijana yuleyule. Wengi walimtazama wakaona mvivu, mmoja akamtazama wakati mrefu zaidi akaona mtaalamu. Kumtambua mtoto kwataka macho kama kulitambua ua.

Mwaka 1727 Linnaeus aliingia chuo kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Huko alipata shida ya fedha, hata viatu vyake vilipotoboka akavitia karatasi ndani ili aweze kutembea. Siku moja ya mwaka 1729 alikuwa katika bustani ya chuo akiangalia maua, akapita mzee mmoja wa kanisa, akaanza kumwuliza majina ya mimea. Kijana akajibu yote. Mzee huyo alikuwa Olof Celsius, mwalimu wa elimu ya Mungu, aliyekuwa akitunga kitabu juu ya mimea iliyotajwa katika Biblia. Alipotambua elimu ya kijana na umaskini wake, akamkaribisha nyumbani kwake, akampa chumba na chakula. Msomaji alikumbuke jina la mzee huyu, maana tutakutana naye tena.

Sasa yatupasa kueleza shida iliyokuwapo zamani zile. Mimea ilikuwa haina majina ya kukubaliwa na wote. Mwandishi mmoja aliuita mmea kwa maneno kumi ya Kilatini, mwingine kwa maneno kumi mengine, hata msomaji asijue kama ni mmea mmoja au miwili. Sisi twaijua shida hii, kwani mti mmoja huitwa hivi Pwani, na huitwa vingine bara, na mlimani una jina la tatu. Wala si shida ya wenye vitabu peke yao. Tabibu akikosea mmea, mgonjwa hupewa sumu badala ya dawa. Basi kulijua ua kwa hakika lilikuwa jambo la uzima na mauti.

Njia ya Linnaeus ilikuwa hii. Aliona kwamba mtu akitaka kulijua ua geni, asitazame kwanza ukubwa wake, wala rangi, wala harufu, maana mambo hayo hubadilika kwa udongo na mvua na jua. Na atazame viungo vya ua lenyewe. Katikati ya ua mna vijiti vyembamba vyenye vumbi kichwani. Hivyo ndivyo viungo vya kiume. Mna na kiungo cha kike, ambacho chini yake tunda hufanyika. Linnaeus alivihesabu vijiti vile, akapima vipi ni virefu na vipi vifupi, na kama vimeungana au vimeachana. Kwa hesabu hiyo akaigawa mimea yote katika madarasa 24. Hata mwanafunzi aliyeanza jana aliweza kulichukua ua asilolijua, akahesabu, akafika katika darasa lake. Kisha akalilinganisha na wenzake wa darasa lile, neno kwa neno, hata akalipata lilipo.

Mwaka 1732 alitumwa kuipeleleza Lapland, nchi ya kaskazini yenye theluji, wanakokaa Wasami. Alisafiri peke yake karibu miezi mitano, akivuka mito na matope, akilala katika mahema ya wenyeji na kula chakula chao. Huko aliona mimea mingi isiyokuwa imeandikwa bado. Mmea mmoja mdogo utambaao chini, wenye maua mawili mawili yainamayo kama kengele, aliupenda kuliko yote. Rafiki yake mmoja wa Uholanzi akauita Linnaea kwa heshima yake, na katika picha zake nyingi ameushika mkononi.

Mwaka 1735 alikwenda Uholanzi, akapata udaktari, na mwaka uleule akatoa kitabu kiitwacho Systema Naturae. Kilikuwa na kurasa chache tu, lakini kurasa zenyewe zilikuwa kubwa sana, nacho kiligawa viumbe vyote katika madaraja yake. Aliporudi kwao alifanya kazi ya utabibu Stockholm, akamwoa Sara Elisabeth Moraea mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa wa Uppsala. Mwaka 1753 alitoa kitabu kikubwa kuliko vyote vya kazi yake, Species Plantarum, chenye karibu aina 6,000 za mimea. Humo kila mmea ulipewa jina la maneno mawili tu: la kwanza la jamaa yake, la pili lake mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya sisi tukisema ndizi, kisha tukapambanua ndizi mzuzu na ndizi kisukari. Mwembe, mnazi, mkwaju na mbuni wa kahawa ya Arabika ilipata humo majina yanayotumika hata leo, na mbuyu ulipata lake mwaka 1759.

Wanafunzi walimpenda sana. Alitoka nao nje ya mji makundi makubwa, wakatafuta mimea mchana kutwa, na jioni wakarudi wakipiga ngoma na baragumu. Wengine wao aliwatuma nchi za mbali kukusanya mimea, na si wachache waliokufa huko. Christopher Tärnström alikufa mwaka 1746 akiwa njiani kwenda Uchina. Fredrik Hasselquist alikufa mwaka 1752 karibu na Smyrna, baada ya kuzizuru nchi za Biblia. Pehr Forsskål alikufa mwaka 1763 huko Yemeni. Tukitaja majina ya maua kwa urahisi, na tuwakumbuke waliozikwa ugenini kwa ajili yake.

Sasa twafika kwenye jambo lililomjaribu Linnaeus mwenyewe. Tangu ujana wake aliamini kwamba aina za viumbe ni zilezile alizoziumba Mungu mwanzo, wala haiongezeki hata moja. Juu ya imani hiyo alijenga kazi yake yote. Mwaka 1742 mwanafunzi mmoja, Magnus Zioberg, alichuma mmea katika kisiwa kimoja cha pwani ya Uswidi, akaukausha juu ya karatasi. Mmea ule ukafika kwa Olof Celsius, yule mzee aliyemlisha Linnaeus katika umaskini wake, naye akamwonyesha.

Linnaeus alipoutazama, majani aliyajua. Shina alilijua. Yalikuwa ya Linaria, mmea wa kawaida wa kando ya njia huko kwao, wenye maua ya njano. Lakini maua hayakuwa yale. Ua la Linaria lina mdomo kama wa mnyama, wa juu na wa chini, na nyuma lina kipembe kimoja kilichochongoka. Ndani yake mna vijiti vinne, viwili virefu na viwili vifupi. Ua hili geni halikuwa na mdomo. Lilikuwa mviringo, sawasawa pande zote, lenye vipembe vitano na vijiti vitano. Kwanza akadhani kuna mtu mwenye mzaha aliyegandisha maua ya mmea mwingine juu ya shina la Linaria ili kumdanganya. Akachunguza, wala hakuona udanganyifu. Akaomba aletewe mmea ulio hai pamoja na mizizi yake. Ukaletwa, nao ulikuwa vilevile.

Basi ikawa taabu kubwa. Kwa majani na shina, mmea huu ni Linaria. Kwa kanuni yake mwenyewe ya kuhesabu vijiti, lazima uende darasa jingine kabisa. Angaliweza kuutupa nje, akanyamaza. Nani angalimwuliza profesa? Wala hakufanya hivyo. Mwaka 1744 ulitolewa uchunguzi mzima juu ya mmea ule, naye akauita Peloria kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kioja. Akakiri mbele ya watu kwamba jambo hili haliingii katika mafundisho yake, akadhani kwamba huenda mimea miwili imechanganyika. Katika uzee wake akafikiri kwamba labda Mungu aliumba jamaa chache mwanzo, na aina nyingi zikatokea baadaye. Wengine waliona neno hilo kuwa hatari. Sisi twaona kwamba mtu aaminiye Muumba hana sababu ya kuogopa ua aliloliumba.

Leo wataalamu wamejua zaidi. Mwaka 1999 huko Uingereza ilionekana kwamba Peloria si mchanganyiko wa mimea miwili. Ni Linaria yenyewe, ambayo sehemu moja ya urithi wake, ile iamuruyo umbo la ua, imezimwa kama taa, ingawa haikuharibika. Linnaeus alikosea kuhusu sababu, lakini hakukosea katika kutazama. Hata madarasa yake 24 yameachwa, kwa kuwa hesabu ya vijiti peke yake huweka pamoja mimea isiyo ndugu, naye mwenyewe alijua upungufu huo. Lakini majina ya maneno mawili yamedumu.

Sasa tuseme ile sababu ya pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1735 Linnaeus aliwaweka wanadamu nao katika madaraja, akawagawa sehemu nne kwa mabara na rangi ya ngozi. Aliwahesabu wote kuwa aina moja, na hilo alilisema vema. Lakini katika toleo la mwaka 1758 akaongeza tabia za kila sehemu. Watu wa Ulaya akawaandika kuwa wenye akili ya kubuni na wenye kutawaliwa na sheria. Sisi Waafrika akatuandika kuwa wavivu na wajanja, tusiotawaliwa na sheria bali na matakwa ya saa ileile.

Wapenzi wasomaji, tulipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza, tulikifunga kitabu. Tulijiuliza kama yafaa kumtaja mtu huyu katika kitabu cha furaha. Kisha tukafikiri tena. Mtu huyu alipoonyeshwa ua moja lililokauka, hakukubali kulihukumu mpaka ameletewa lililo hai pamoja na mizizi yake. Lakini bara zima la watu alilihukumu pasipo kulikanyaga, kwa habari za wasafiri na kwa mafundisho ya kale juu ya majimaji manne ya mwili. Alikataa rangi isiwe alama ya kupambanua ua. Kwa mwanadamu akaanza na rangi. Ni yeye aliyeiacha kanuni yake, nayo kanuni ni njema. Waliomfuata waliyatumia maneno ya namna hiyo kutetea utumwa na dharau, na machungu yake yalifika hata kwa babu zetu.

Kwa hiyo hatuwezi kumsifu bila kulisema kosa lake, wala kwa kosa lake hatuwezi kuyatupa mema yake. Nasi tusijihesabie haki. Ni mara ngapi tumesema kwamba watu wa kabila fulani ni wezi, au wa ukoo fulani ni wachawi, pasipo kuketi nao hata siku moja? Mwenye kufanya hivyo amelihukumu ua kwa rangi yake.

Linnaeus alipewa heshima nyingi, hata mfalme akamfanya mtu wa cheo, akaitwa Carl von Linné. Lakini tangu mwaka 1774 alipatwa na kiharusi, nguvu zake zikamwisha kidogo kidogo. Husimuliwa kwamba mwishoni alisomewa vitabu vyake mwenyewe akavisifu, asijue kwamba ni yeye aliyeviandika; na mtu aliyevipa viumbe maelfu majina akalisahau jina lake. Alifariki tarehe 10 Januari, 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Kabla ya kumaliza, tuwaonyeshe walimu jinsi kazi yake ilivyofika kwetu. Mwaka 1892, katika nchi ya Usambara na Tanga, mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau likiota penye kivuli kati ya mawe. Likapelekwa Ujerumani, akalichunguza Hermann Wendland, mtunza bustani za Herrenhausen. Kwa rangi lilifanana na urujuani wa Ulaya, na hata leo Wazungu huliita urujuani wa Afrika. Lakini urujuani una kipembe nyuma na vijiti vitano vya vumbi. Ua la Usambara halina kipembe, na vijiti vyake vyenye vumbi ni viwili tu, vya njano. Basi si ndugu wa urujuani. Mwaka 1893 Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Na mwaka 2015 wataalamu, kwa kuulinganisha urithi wake, waliliingiza katika jamaa ya Streptocarpus. Ua ni lilelile. Macho ya watu ndiyo yaliyozidi kufunguka. Bila shaka wenyeji wa milima ile walikuwa wakiliona tangu zamani, kabla mgeni hajalichuma.

Basi, walimu wenzetu, mtoto akiwaletea ua msilolijua, msimwambie kwamba ni gugu tu. Ketini naye. Hesabuni majani ya ua, hesabuni vijiti vyake, tazameni jinsi majani yanavyokaa katika shina, kama ni mawili mawili au moja moja. Mwulizeni bibi yake jina la kikwao na matumizi yake, mkaliandike. Linganisheni na ua mnalolijua, mseme ni wapi yanapofanana na ni wapi yanapoachana. Na msipopata jibu, msione haya kusema kwamba bado hamjui. Linnaeus alilisema hilo mbele ya chuo kizima.

Na mtoto mwenyewe anayelileta ua, mtazameni vivyo hivyo. Bwana wetu alituagiza tuyaangalie maua ya kondeni. Na aliyejizoeza kuliangalia ua kwa saburi, asilihukumu mpaka ameona mizizi yake, amekwisha kuanza kujifunza jinsi ya kumtazama jirani.